Aljebra Ni Kabuta, Kalkulasi Ni Puta

Nyumbani kwetu baba alikuwa na neno juu ya samaki, na mjomba alikuwa na neno juu yangu. Ndivyo ilivyo kwa watu wa upande wetu wa ziwa: mtoto ni wa ukoo wa mama, na kaka wa mama, ambaye kwa Kibemba tunamwita yama, ndiye anayesema mtoto ataolewa lini, atakaa wapi na atafanya nini. Baba anakulisha, anakuvika, anakuchapa ukikosa adabu, lakini siku ya jambo kubwa anakaa pembeni ya mkeka na kumsubiri shemeji yake aseme. Baba yangu alikuwa mpole na hali hiyo haikumnyima usingizi. Mimi ilinikera tangu mdogo, maana nilizaliwa na kichwa kigumu na mdomo mwepesi, na nilitaka nijue wa kugombana naye ni nani.

Tulikaa Nchelenge, katika ile miaka ya hamsini ambayo barabara ilikuwa mchanga mtupu na kila baiskeli iliyopita ilinuka samaki. Baba alinunua samaki kwa wavuvi, akawakausha, akawauzia watu waliowapeleka bara. Mama alizaliwa ng'ambo, upande wa Kongo, na mjomba alivuka naye wakati bado ni vijana, akajenga Kabuta, kaskazini yetu kidogo kwenye ufuko huohuo. Kwa sababu hiyo lugha zetu zilikuwa tatu. Kibemba kilikuwa cha jikoni na cha kanisani, Kiingereza cha darasani, na Kiswahili cha Katanga kilikuwa cha wanunuzi na cha mjomba. Jambo likisemwa kwa Kiswahili nyumbani kwetu, ujue kuna mtu atalia au kuna mtu ataoa.

Misheni ilikuwa imefungua madarasa ya sekondari, mapya kiasi kwamba chokaa ya ukutani ilitupaka nguo. Wavulana walifundishwa hesabu zenyewe. Sisi wasichana wachache, tuliolala bwenini, tulifundishwa kupika, kufua, kushona, na kitu kilichoitwa hesabu za nyumbani. Hesabu za nyumbani zilikuwa ni kuuliza kitambaa cha pazia kiwe na urefu gani ikiwa dirisha lina upana fulani. Nilipiga hesabu za mapazia mpaka nikayachukia mapazia, na kwetu hakukuwa na pazia hata moja. Nilikuwa nikimaliza mapema, kisha nasogea kwenye dirisha la darasa la wavulana na kusikiliza. Nilifukuzwa pale mara nyingi. Aliyeacha kunifukuza ni mwalimu mpya wa hesabu.

Huyu mwalimu alikuwa kijana mwembamba, Mwafrika mwenzetu, lakini si wa kwetu. Alitoka mbali, kusini-mashariki, ambako mtoto ni wa baba yake na hakuna anayebisha. Kumbukeni hilo, maana ndilo lililotuponza. Alinikuta dirishani, akaniuliza swali la wavulana, nikalijibu, akaniuliza lingine. Kesho yake akanipeleka kwa mkuu wa shule, mzungu mrefu mwenye sauti ya upole aliyekunywa chai kutwa nzima.

Kumbe walikuwa katikati ya mabishano yao. Mwalimu alitaka shule ipange masomo ya hesabu ya miaka minne ambayo mwisho wake ni kalkulasi, ile hesabu ya vitu vinavyobadilika: jiwe linavyozidi kasi likianguka, maji yanavyopanda. Mkuu alisema ni ndoto njema, lakini watoto wa ufuko huu ndio kwanza wanajifunza kugawanya. Mwalimu akachukua chaki, akaenda kwenye ubao uliokuwa ofisini. Nilidhani ataanza na mwaka wa kwanza. Akaanza mwisho. Aliandika kalkulasi chini kabisa ya ubao, akajiuliza kwa sauti: mtoto anayeingia hapa, jana yake lazima awe anajua nini? Lazima ajue grafu, na mteremko wa mstari. Akaandika hayo juu yake. Na huo mteremko ataupimaje bila trigonometri? Akaandika trigonometri. Na trigonometri ni pembetatu, kwa hiyo jiometri itangulie. Na jiometri itamshinda kama hajui kuishika herufi badala ya namba. Juu kabisa akaandika aljebra.

Mkuu hakukubali hivi hivi. Yeye alitaka jiometri ianze, kwanza kwa sababu aliipenda tangu ujana wake, pili kwa sababu vitabu vya jiometri vilikuwa tayari vimefika na vya aljebra havijafika. Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwalimu alisema yeye mwenyewe alikutana na kalkulasi chuoni bila kuandaliwa, kila mtu akimwambia atazoea, na alikuwa akijifungia chooni kulia. Alisema hivyo mbele yangu, mtu mzima, bila haya. Nilimpenda tangu saa ile kama mtu anavyompenda kaka yake. Mkuu naye aliweka kikombe chini, akasema, haya, aljebra itangulie, tutanakili kwa mkono mpaka vitabu vije.

Lakini alikuwa na sharti. Hawezi kumtoa mwalimu kwenye madarasa mengine kwa ajili ya watoto watatu. Wakiwa wanne, na wakaenda pamoja mpaka mwisho, atamtoa. Wavulana watatu wenye kichwa cha kazi hiyo walikuwapo. Wa nne ndiye huyo aliyesimama mlangoni na sketi yenye chokaa. Nikiingia, darasa lipo. Nikitoka njiani, wote wanne tunaachwa hapo tulipofika. Nilikuwa binti mdogo na wenzangu watatu nilikuwa siwajui vizuri, lakini nilielewa.

Ilibaki kazi ya mke wa mkuu, aliyekuwa na madaraka juu ya wasichana. Aljebra ilipangwa asubuhi, saa ileile ya ushonaji. Nilitegemea atanikatalia, nikajiandaa kuvimba. Yeye aliniangalia vidole, akasema anajua siku zote kwamba vifungo vyangu vinashonwa na msichana mwingine kwa malipo ya embe. Akasema nitakwenda aljebra asubuhi, na saa kumi nitakuja barazani kwake kushona kwa mikono yangu mwenyewe, kila siku, mpaka nijue. Nilikwenda. Mpaka leo tundu la kifungo nalishona vizuri kuliko wengi, na bado silipendi.

Basi likizo ilipoanza mwalimu na mkuu wakaja Nchelenge kumwomba baba. Baba aliwaketisha, akawapa munkoyo baridi, togwa yetu ya mahindi, akasikiliza habari za miaka minne, akatikisa kichwa kwa heshima, akasema hakuna neno. Akawafungia na samaki wa kwenda nao. Waliondoka wakicheka. Mama alikuwa jikoni na kifuniko cha chungu mkononi, hajasema kitu muda wote. Baiskeli zilipopotea, akatoka.

"Weye umeitika na kinywa ya nani?" akamuuliza baba.

Baba akanywea. Alichukua kibiriti, akakigeuzageuza, akasema, "Nilisikia haya. Nitaambia muzungu namna gani, ati miye siko na neno ku mutoto wangu mwenyewe?"

Mama hakumcheka. Alimkalia karibu, jambo ambalo hakulifanya mchana, na wote wawili wakatazama njia. Mimi nilikasirika mpaka nikalia: nilimkasirikia baba kwa kunyamaza, mwalimu kwa kutojua, na zaidi mjomba, ambaye hata habari alikuwa hajazipata. Habari hizo zilimfikia kabla ya Jumapili. Alituma mtu kwamba mtoto aje Kabuta na asirudi shuleni mpaka jambo lake lisemwe na wenye kulisema.

Nilikaa Kabuta likizo ile yote, nikimenya mihogo na kununa. Mjomba alikuwa mtu mnene, mwenye kujipenda, aliyevaa kofia hata ndani ya nyumba. Hakuwa mkatili. Alikuwa ameumizwa. "Batu bote banajua, mie tu sijui," alikuwa akimwambia kila aliyepita. "Mutoto ni wangu, wanauliza mwenye kumulisha!" Na pale uani, akitengeneza nyavu, alikuwepo kaka yangu mkubwa.

Kaka yangu ninapaswa kumweleza vizuri, maana yeye ndiye anayekuja kuwa mtu mkubwa wa habari hii. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mama, kwa hiyo mrithi wa mjomba. Alisoma vizuri, akipenda shule kuliko mimi, mpaka mjomba alipohitaji mikono kwenye mtumbwi akamtoa darasani. Hakulia, walisema. Alishika kafi. Lakini mwenye kovu usidhani kapoa. Tangu nianze sekondari alikuwa hanisemeshi ila kwa vijembe, na aliniita "mama wa shule" mbele ya wavuvi wenzake.

Mwalimu alikuja mwenyewe, mwisho wa likizo, njia nzima mvua ikimnyeshea. Safari hii alikuwa ameambiwa mwenye neno ni nani. Alimpigia mjomba makofi ya heshima na kupiga magoti kama mtu wa kwetu, vibaya, upande upande, na mjomba alifurahi mno kwa ule ubaya wake. "Mwalimu, ikala," akasema, akimsogezea kigoda akae. Mwalimu hakujua Kiswahili, mjomba hakutaka Kibemba kwa jambo zito, na baba hakuwapo. Wakaamua mimi nitafsiri.

Nilitafsiri kesi yangu mwenyewe. Nilijitahidi kuwa mwaminifu, isipokuwa mwalimu aliposema masomo ni ya miaka minne, mimi nikasema ni miwili. Mjomba akaondoa kofia.

"Minne," akasema. "Nauzishaka samaki kwa bazungu. Kuhesabu yabo, naisikia."

Wavuvi wakaangua kicheko, na kaka yangu alicheka kuliko wote. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikasema haya, ni minne. Mjomba akauliza kwa nini minne, njia gani hiyo ndefu, inafika wapi? Mutu haondoke ku mayi bila kusema atalala wapi. Hapo mwalimu akainama, akachora kwa kidole kwenye mchanga, vilevile kama ofisini, akianzia mwisho. Kila alipoandika somo nililitaja, na kila nililotaja mjomba alirudia bila kuliweza. Kwenye trigonometri alitema mate pembeni.

Mwisho akapangusa majina yote kwa kiganja. "Ngoja," akasema. "Tuseme siye tuko Nchelenge. Aljebra, njo Kabuta. Kalkulasi, njo Puta, kule mbali ku mwisho ya ufuko. Zile mbili ni kambi za katikati, mutu analala moja, analala ingine. Hakuna mutu anafika Puta bila kupita Kabuta. Ni vile?"

Nikamtafsiria mwalimu. Mwalimu alisema ndivyo, na kwa furaha aliyosema nayo hakuhitaji mtafsiri.

Mjomba alivaa kofia yake. Alisema nitasoma. Sharti lake ni kwamba kila likizo nitafika kwake kwanza, kabla ya kwa baba, nimwambie nimefika kambi gani. Siku nitakayoshindwa kusema, nabaki hapo. Nilikuwa bado nashukuru wakati kaka yangu aliposimama na wavu mkononi.

"Yama," akasema, "miye ulinitoa ku masomo. Sikupendaka. Sasa huyu mwanamuke unamuacha?"

Mjomba alitazama ziwa, akavuta kofia mbele. Kaka akasubiri kidogo, kisha akaketi na kuendelea na wavu, na mimi, badala ya kumhurumia, nilimchukia.

Hivyo tukaanza. Mwaka wa aljebra ulikuwa wa karatasi za kunakili na vidole vyenye wino. Likizo ya kwanza nilifika Kabuta nikapiga magoti, mjomba akauliza, "Mwipwa, umefika wapi?" Mwipwa ni mpwa. Nikasema nimefika Kabuta. Akacheka mpaka kofia ikaanguka, akaita majirani waje wasikie kwamba mtoto amesoma mwaka mzima na amefika hapohapo mlangoni kwake. Mwaka wa jiometri ulitusumbua. Wavulana wawili walikwama kwenye kuthibitisha mambo ambayo macho yanayaona, wakiuliza kwa nini mtu athibitishe kinachoonekana, na mwalimu akatusimamisha wiki nyingi palepale, hakumwacha mtu. Nikamwambia mjomba upepo umetuzuia. Akasema upepo si kosa la mtu. Aliniletea mwenyewe sahani ya bukari, ugali wetu wa muhogo, na kambare, nile mbele yake.

Kaka yangu alikuwa akisikiliza ripoti hizo akiwa ameelekeza mgongo kwetu. Likizo moja alinikuta uani nikifanya zoezi, mjomba akiwa kanisani. Alisimama juu yangu muda. Nilijua anataka kunidhihaki, nikakaza mgongo. Akaniuliza ile herufi inafanya nini kati ya namba. Nikamweleza, kwa kifupi na kwa kiburi, kwamba ni namba isiyojulikana bado. Akasema, "Siye tuliishia ku kugawanya," akaenda zake kwenye mtumbwi. Kungenigharimu nini kumwita arudi? Sikumwita.

Mwaka wa tatu tulimaliza trigonometri na grafu. Mwalimu alikuwa na furaha inayoonekana. Alitembea akipiga mluzi. Siku ya kufunga shule alituambia tupumzike vizuri, Januari tunaingia kule tulikokuwa tunakwenda. Nilikwenda Kabuta na neno langu tayari mdomoni: yama, Puta inaonekana.

Mjomba alikuwa amelala. Kifua kilikuwa kimembana tangu mvua za kwanza na sauti ilikuwa imekwisha. Nilimwambia. Akainua mkono kidogo, kama mtu anayemwonyesha mwenzake njia ya mbele. Alikufa kabla ya Krismasi. Nilimlilia kwa uchungu ambao sikuutegemea, mimi niliyeanza kwa kumchukia, na nilipoiona ile kofia juu ya msumari nilitoka nje.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyo kwetu. Mtu akifa, jina lake haliachwi. Ukoo unaketi na kumweka mrithi, naye anachukua jina, na pamoja na jina anachukua watu wake wote. Mjane anamwita mume kwa siku ile ya heshima, watoto wanamwita baba, wapwa wanamwita yama. Si mchezo wala si kusema tu. Anakuwa yeye. Mrithi wa mjomba alikuwa kaka yangu, aliyezaliwa na mama yangu, aliyenibeba mgongoni, aliyeniita mama wa shule. Akishawekwa, mwenye neno juu yangu atakuwa yeye.

Matanga yalichukua Januari yote, maana ndugu wa ng'ambo walichelewa kwa dhoruba. Mpakia samaki mmoja aliyepita na baiskeli aliniletea maneno ya mwalimu: darasa halijaanza. Wenzangu watatu wanarudia trigonometri ili kunisubiri. Mkuu ameongeza siku mara moja, hataongeza tena. Nisiporudi wiki ya kwanza ya Februari, kalkulasi inafutwa na mwalimu anapelekwa madarasa ya chini. Mwalimu hakunilaumu wala hakunihimiza. Alituma salamu za pole na hayo tu.

Na pale Kabuta kila mtu alijua kwamba jambo la kwanza litakaloletwa mbele ya mrithi ni mimi. Rafiki wa kaka, mchuuzi mwenye baiskeli mbili na meno mazuri, alikuwa ameanza kumletea mama kuni bila kuombwa. Kaka mwenyewe alikuwa ameshakunywa munkoyo wa mchuuzi huyo hadharani, ishara kwamba hamkatai. Shangazi zangu walianza kuniita bibi arusi kwa utani. Nilijikaza kisabuni mchana, na kila nilipobaki peke yangu nilihesabu walionisubiri: wavulana wale watatu, na mtu mmoja aliyewahi kulia chooni kwa sababu hakuna aliyempangia njia.

Siku ya kumweka mrithi mvua ilikatika. Walimkalisha kaka yangu kwenye mkeka mpya, wakampaka unga mweupe, wakampa kafi la mjomba na kisu chake, na mwisho wakamvika ile kofia. Ilimshuka mpaka kwenye nyusi. Wakubwa walimwambia maneno ya kuchukua jina, naye akayapokea kwa sauti ndogo. Tukaanza kupita mmoja mmoja kupiga makofi na kumwita kwa cheo chake kipya. Zamu yangu ilipofika, magoti yalipigika, mikono ilipiga, lakini neno yama lilikataa kutoka. Nilinong'ona kitu kisicho kitu. Alilisikia lile tundu mahali pa neno, niliona usoni.

Baadaye, watu wakiwa wamekula, mkubwa mmoja wa ukoo akakohoa na kusema kuna jambo la mtoto wa shule. Ameshakuwa mwanamke mzima, amesoma vya kutosha, mchumba yupo, yule pale. Mrithi aseme.

Kaka aliinama. Alikuwa ameshika kafi kwa mikono miwili, akilitazama. Mchuuzi alikuwa anatabasamu. Mimi nilikuwa nimekaa kati ya wanawake, mama amenishika kiwiko kwa nguvu iliyoniacha na alama. Nilijua kaka ana haki ya kunitoa darasani kwa namna ileile alivyotolewa yeye, mbele ya watu walewale, na kwamba hakuna ambaye angemlaumu.

"Mwalimu alikuya hapa," akasema mwishoni. "Alichora ku muchanga. Miye nilimuuliza, ile njia inafika wapi? Akasema. Nikaitika."

Watu wakatazamana. Yule mkubwa akasema kwa upole kwamba aliyeitika ni marehemu.

"Marehemu ni nani?" kaka akauliza. "Leo asubui mumeniambia miye ni yee. Jina yake, kafi yake, batoto bake. Basi neno yake njo yangu. Njo miye nilisema mutoto asome mupaka Puta. Munataka nirudishe neno yangu mwenyewe, na nguo ya matanga ingali ku mwili?"

Wakubwa wakaanza kukunja mikeka yao, maana wao ndio waliomfanya hivyo. Mchuuzi alitafuta kofia yake, ingawa hakuja na kofia. Mama aliniachia kiwiko akaanza kulia kwa sauti, na kilio chake kilikuwa cha watu wawili, cha kaka yake aliyekufa na cha mwanawe aliyekaa pale mkekani. Kaka hakunitazama. Alisimama, akaenda kuangalia mitumbwi, na kofia ikimziba macho alijikwaa kwenye kamba.

Niliondoka kesho yake alfajiri nyuma ya baiskeli ya samaki. Mwalimu aliniona mlangoni pa darasa. Alifuta trigonometri ubaoni, yote, akashika chaki mpya. Somo la kwanza lilikuwa juu ya ziwa letu wenyewe. Mti wa kupimia maji ulikuwa umesimikwa gatini, na mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa. Alituuliza maji yanapanda kwa kasi gani, si kwa mwezi, si kwa siku, bali sasa hivi, saa hii ukiyatazama. Tukachora mstari uliopinda, tukaugusa kwa mstari ulionyooka mahali pamoja tu, na ule mteremko tuliojifunza mwaka uliotangulia ukatupa jibu. Kila kitu tulichobeba miaka mitatu kilitumika siku ile. Mvulana aliyekuwa mbishi kuliko wote kwenye jiometri aliweka kichwa juu ya dawati akacheka peke yake. Mimi nilifurahi mpaka nikaogopa, na katikati ya furaha nikamkumbuka mtu mwenye kofia kubwa.

Pasaka nilikwenda Kabuta kwanza, kabla ya kwa baba. Kaka yangu alikuwa amekaa mahali pa mjomba, nyavu pembeni. Nilimwona amekonda, na ile kofia ilikuwa imeshonwa kwa nyuma ili imkae. Mshono ulikuwa mbaya, wa mwanaume. Nilipiga magoti kwenye mchanga, nikapiga makofi. Akaniangalia kwa hofu, mtu mzima yule, kama anayesubiri kuona nitamnyima tena.

"Mwipwa," akasema, "umefika wapi?"

"Nimefika Puta, yama," nikasema.

Alivua kofia, akaipangusa, akaivaa tena. Kisha akasogea kwenye mkeka akanipa nafasi, akasema nimweleze, ila nisiende mbio, nianzie mbali, maana yeye aliishia kwenye kugawanya.